Mwani wa Alhamisi kwa Mende wa Rauf

Novemba 17

Daftari hili ni la mwanangu Rauf. Kurasa tisa za mwanzo ni mwandiko wake, mdogo na ulioinama, na zote zinahusu mende: tarehe, idadi, wamekula nini, nani amejivua ganda. Ukurasa wa kumi ulikuwa mtupu. Naanza hapa.

Ijumaa tulisoma hitima ya arobaini yake. Leo imeingia dhoruba ya Ufagio, ile inayofungua baridi hapa Aleksandria, na imefagia kweli. Kamba ya nguo ya jirani imekatika na shuka lake limenaswa kwenye dishi letu la televisheni. Nimelitazama asubuhi nzima likipigwapigwa.

Mende ni arobaini na sita. Si wale wa jikoni. Hawa asili yao ni Madagaska, wakubwa kama kidole gumba cha mwanamume, rangi ya tende mbivu, hawana mabawa, na ukiwagusa wanapuliza pumzi kama maji yakimwagikia jiko la moto. Wanakaa kwenye sanduku la kioo kando ya friji, na juu yao kuna taa ya kuwapa joto. Rauf aliwaleta mwaka ule alipoanza kusafishwa damu kwa mashine ya figo mara tatu kwa wiki na akaacha kazi. Siku ile nililia. Akaniambia, "Mama, hawa hawapigi kelele, hawanuki, na hawaniulizi naendeleaje."

Hospitalini, siku ya mwisho aliyoweza kusema, alisema, "Usiwaache wafe, mama. Na Alhamisi usisahau mwani."

Mwani ni unga wa kijani kibichi sana, umo kwenye kopo la maziwa. Ameandika ukurasa wa pili: kijiko kimoja cha chai juu ya karoti zilizokunwa, kila Alhamisi. Chini yake: "Wakiukosa, hawajivui vizuri, na huanza kutafunana miguu."

Novemba 20

Alhamisi. Nimewapa. Unga mwingine umeingia kwenye sukari.

Novemba 23

Dada yangu Inshirah amekuja na sufuria ya dengu. Huja kila siku, vituo viwili vya tramu, mvua inyeshe isinyeshe. Ni mkubwa kwangu kwa miaka sita na tangu utotoni hajawahi kuingia mahali bila kusema jambo mlangoni.

"Bado wapo?"

"Wapo."

"Watu wote mjini wananunua dawa ya kuua mende. Wewe unawanunulia karoti."

"Karoti zilikuwa za supu."

"Na ule unga wa kijani je? Sisi tunakula dengu, mende wanakula dawa ya matajiri. Bahiga, nakwambia, nikifa nirudi mende wa nyumba hii."

Hakuingia jikoni. Inshirah huogopa mende tangu tukiwa wadogo. Alikuwa akipanda juu ya kitanda cha mama na kukataa kushuka mpaka baba arudi kazini. Nililazimika kumpelekea chai sebuleni, na kurudi kuchukua sukari, na kurudi kuchukua kijiko.

Novemba 27

Mwani. Karoti. Arobaini na sita.

Desemba 4

Dhoruba ya Qasim. Umeme ulikatika saa tatu na nusu. Nililifunika sanduku kwa blanketi la Rauf na kuweka chupa mbili za maji ya moto ubavuni, kama alivyokuwa akifanya.

Kopo limebaki theluthi. Nimempigia Yunan. Yunan ni rafiki wa Rauf tangu sekondari. Anafanya kazi kwenye madimbwi ya kukuzia mwani, kule jangwani njia ya Kairo, na kopo hili ni yeye aliyekuwa akimletea Rauf.

"Mama Rauf, madimbwi yamelala," alisema. "Mwani unataka jua. Hatuvuni kitu mpaka Machi."

"Hata kopo moja?"

"Kilichovunwa kimeshauzwa chote, mama. Nisamehe."

Nilimwambia hakuna neno. Lakini nilipoweka simu chini nilifikiria mambo mabaya. Nilifikiria, huyu ana figo mbili, ana kazi, ana miguu ya kumpeleka anakotaka, na kopo moja la unga limemshinda. Nayaandika kwa sababu ndivyo nilivyofikiria.

Desemba 11

Nimewapa nusu kijiko.

Desemba 18

Kopo limekwisha. Nimelipangusa ndani kwa kipande cha karoti mpaka bati likang'aa.

Desemba 21

Furiko Dogo. Maji yamefika ngazi ya pili ya mlango wa jengo. Bawabu ameweka matofali ya kukanyagia.

Mende mmoja kijana alianza kujivua ganda jana. Lilipasuka mgongoni kama inavyotakiwa, akatoa kichwa na mabega, kisha akakwama. Akijivua huwa mweupe kabisa, laini kama jibini. Nilikaa naye mpaka adhuhuri. Ganda lilikuwa limemshika kiunoni na miguu ya nyuma, na kila akivuta alivuta kidogo kuliko mara iliyopita. Rauf ameandika wasisaidiwe, mtu humkata. Sikumsaidia. Alasiri hakuvuta tena.

Arobaini na watano.

Desemba 28

Wawili wametafunwa miguu. Mmoja amekufa. Arobaini na wanne. Inshirah ameleta mboga ya molokhia na sungura. "Kula wewe basi," alisema, "maana huli. Wenye miguu sita unawahesabu, mwenye miwili unamsahau."

Januari 2

Dhoruba ya Kichwa cha Mwaka ilipita usiku, leo bahari imetulia kidogo. Nilitembea barabara ya ufukweni ili nisikae nyumbani, nikamwona mzee amechuchumaa juu ya mawe ya kukingia mawimbi, anakwangua mwani kwa kisu na kuutia kwenye gunia lililolowa. Mwani wa kijani, kijani kilekile.

Nilisimama pale muda mrefu mpaka akaniuliza nimepoteza nini.

Anaitwa Galal, dereva wa tramu aliyestaafu. Huvua samaki aina ya tasi kwa mshipi, na tasi hali chambo kingine ila mwani. Nilimwambia nautaka mwani kidogo.

"Unavua, hajja?"

"Nina viumbe nyumbani vinavyoula."

"Kobe?"

"Mende."

Akanitazama. "Mke wangu anawapiga kwa kandambili," alisema. "Na wewe unawatafutia chakula." Kisha akanitilia konzi mbili kwenye mfuko. "Sikiliza. Usiuoshe kwa maji ya bomba. Mwani ukiguswa na maji ya bomba unakufa, unakuwa kama karatasi, hata tasi mwenye njaa haugusi. Uache na bahari yake."

Huyu amekaa na mwani miaka arobaini. Nilimshukuru, nikarudi karibu nikikimbia.

Januari 3

Nimewapa mwani wa mawe, mbichi, haukuoshwa. Waliufuata wote. Hata wakubwa wenye pembe, ambao kwa kawaida hungoja taa izimwe. Waliula kwa sauti, niliwasikia kutoka mlangoni. Nikawaongezea.

Nilimpigia Inshirah kumwambia. Alisema, "Hongera, Bahiga." Alisema bila mzaha.

Januari 5

Watano wamelala chali asubuhi hii. Sijui ni baridi? Taa inawaka. Nimewaongezea mwani.

Januari 6

Sasa waliokufa ni kumi na watatu. Nimewatoa mmoja mmoja kwa kijiko na kuwapanga kwenye gazeti. Matumbo yamenyauka, yamekunjika kama ngozi ya zabibu kavu. Waliobaki wamejikusanya kwenye kifuniko ninachowawekea maji, nacho kimekauka, wamekunywa yote.

Yunan alikuja mchana. Alikuwa amevaa suti, anakwenda kwao kwa ibada ya mkesha wa Krismasi yao Wakopti, na chini ya kwapa ana mfuko. Hakuketi hata. Alisimama mbele ya gazeti langu.

"Umewapa nini, mama?"

Nilimwonyesha. Akachukua uzi mmoja wa mwani, akauweka ulimini.

"Hukuuosha?"

"Nimeambiwa usioshwe."

"Nani kakwambia?"

"Mvuvi."

Alifumba macho kidogo. "Mvuvi anasema kweli kwa samaki," alisema. "Huu una chumvi ya bahari. Mende hawana pa kuitoa. Imewakausha ndani."

Nilikaa sakafuni. Miaka mitatu nilipika bila chumvi katika nyumba hii. Nilikanda mkate mwenyewe kwa sababu wa dukani una chumvi. Jibini nililiroweka siku nzima, nikimwaga maji na kubadilisha, mpaka Rauf akawa anasema, "Mama, hii sasa ni sabuni." Nilisoma karatasi za kila kopo. Kwenye harusi moja nilimpokonya tango la siki mkononi mbele ya watu, mtu mzima wa miaka ishirini na sita. Chumvi nilikuwa naijua kama adui anavyojulikana, sura yake na majina yake yote. Na mikono hiihii ikawapa mende wake chumvi, ikawaongezea.

Yunan alivua koti la suti akakaa nami sakafuni. Hakusema kwamba sikujua, hakusema ni amri ya Mungu. Tulibadilisha maji, tukawapa tango. Kisha akafungua mfuko. Mlikuwa na kopo. Trei za kukaushia, alisema, zikikwanguliwa pembeni huwa zinabaki vumbi. Amekuwa akizikwangua baada ya kazi tangu siku nilipompigia, mwezi mzima, kwa ukingo wa kadi yake ya simu. Kopo halikujaa. Lilikuwa robo.

Nilikumbuka niliyoandika Desemba 4. Sikuyafuta, lakini nimerudi nikayasoma.

Wamebaki thelathini na mmoja.

Januari 8

Alhamisi. Unga, kijiko kimoja usawa. Hakuna aliyekufa.

Januari 13

Furiko Kubwa, siku ya pili. Tramu imesimama. Inshirah alikuja kwa miguu, viatu mkononi, soksi za marehemu mumewe miguuni, sufuria kwenye mfuko wa plastiki. Nilimpa taulo. Nilimweleza kwamba thelathini na mmoja wote bado wapo.

Alijifuta nywele akasema, "Watupe, Bahiga."

Niliipeleka sufuria jikoni.

"Umekonda. Hulali, unaamka kuitazama taa. Mwanao amezikwa, Mungu amrehemu, si yule kwenye sanduku. Watupe baharini, lia, umalize. Mimi mume wangu nilimlilia nikamaliza."

"Aliniomba wasife."

"Mgonjwa huomba mengi. Mtu hawezi kumpa mgonjwa kila anachoomba."

Nilimwambia aende nyumbani. Kwa upole, nadhani. Alivaa soksi zilezile mbichi akaenda, na sufuria akaiacha.

Sasa nitaandika jambo ambalo sijaliandika wala kulisema.

Mimi nilipimwa ili nimpe figo, nikakataliwa kwa sababu ya sukari. Baba yake alikwishafariki. Damu ya Inshirah ni ya kundi la Rauf. Daktari alisema shangazi, mama mkubwa, yeyote wa damu, aje apimwe tu, kupimwa si kutoa. Nilikwenda kwake na keki ya basbusa. Nilimweleza mlangoni kwa sababu nilijua nikiketi nitashindwa. Alisikiliza yote. Akasema, "Wanangu hawataki. Wamenikataza." Wana wake wako Kuwait, wote wawili. Nikasema naelewa. Tukala ile basbusa.

Tangu siku ile, na ni miaka miwili sasa, hajakosa kuja hata siku moja. Dengu, molokhia, sungura, supu ya kwato. Rauf alimpenda. Alikuwa akimwambia, "Mama mkubwa, njoo umshike huyu dume, anakusalimia," naye anakimbilia kwenye ngazi, na Rauf anacheka mpaka anashika ubavu. Rauf alipokwenda kwake mara ya mwisho kumsalimia, Inshirah alimwosha miguu iliyovimba. Nilimwona. Kila alipoingia na sufuria nilikuwa nikifikiria, sikuomba sufuria.

Basi, nimeliandika. Mvua haijakatika.

Januari 15

Mwani. Inshirah hakuja jana wala leo.

Januari 19

Dhoruba ya Ubatizo. Hakuja.

Januari 22

Mwani. Amekuja. Wali wa samaki. Tumekula pamoja.

Januari 29

Upepo wa Ukarimu, baridi inayoingia mpaka kwenye meno. Mwani.

Jike mmoja amepanuka, amekuwa mpana kama kobe mdogo. Nilimweleza Yunan kwa simu, akasema, "Huyo ana mimba, mama. Alishika mimba kabla ya chumvi. Hawa hawatagi nje, huzaa watoto hai. Mpe unga kila siku mbili, kidogo. Na asisumbuliwe."

Jioni bawabu alibandika karatasi mlangoni. Mwalimu Wagdi wa ghorofa ya kwanza, mwenyekiti wa wapangaji, anatangaza usafi wa Ramadhani kama kila mwaka: Jumanne Februari 10 jengo lote litapulizwa dawa ya wadudu, vyumba vyote, na uwazi wa katikati unaopitisha hewa.

Februari 1

Nimeshuka kwa Mwalimu Wagdi. Ni mtu mwema. Alimfundisha Rauf hesabu.

"Mama Rauf, kwako nitawaambia wasiingie. Neno langu."

"Na ule uwazi?"

"Uwazi lazima. Wanatoka humo wote."

"Dirisha la jikoni kwangu linafungukia humo. Halifungi vizuri."

Alifikiri. "Nikiacha uwazi, mke wangu atanipuliza mimi," alisema. Kisha akaona haya kwa kutania. Akasema anasikitika sana.

Februari 3

Natafuta wa kunihifadhia sanduku. Yunan analala na wanaume wanne chumba kimoja cha kampuni. Amesema mkuu wao ameshatupa mpaka kasuku. Mzee Galal nilimkuta kwenye mawe. Nilipomweleza ile chumvi ilivyowaua aliweka mshipi chini na hakuvua tena asubuhi ile. Alikwenda kumwuliza mkewe, akarudi, akatikisa kichwa kutoka mbali.

Februari 5

Mwani. Jike anakula kidogo tu. Nimejaza nyufa za dirisha kwa vitambaa na gundi. Mwanga unapita bado, na panapopita mwanga dawa itapita.

Februari 8

Inshirah alinikuta juu ya kiti na gundi mkononi.

"Shuka chini."

"Bado upande huu."

"Shuka, utavunjika nyonga, nikuuguze na wewe." Alingoja mpaka nikashuka. Alikuwa amesimama jikoni. Nimehesabu: tangu mende waje nyumba hii hajawahi kukanyaga sakafu ya jikoni. Alikuwa ametazama ukutani, si sandukuni. "Lete," alisema.

"Nilete nini?"

"Bahiga, usinifanye niseme."

Tuliwahamishia kwenye ndoo ya samli yenye matundu, na sanduku tukambebesha bawabu. Kwenye tramu Inshirah alishika ndoo mapajani, imefunikwa kwa kitambaa changu cha kuswalia, uso umemwisha damu. Kituo cha kwanza tramu iliruka, ndoo nzima ikapuliza. Msichana aliyekaa mbele akageuka.

"Ni tumbo langu, binti," alisema Inshirah. "Nimekula dengu."

Yule msichana akahama kiti. Sikucheka. Nilitaka, lakini nilikuwa nikitazama vidole vyake, vilivyoikamata ile ndoo mpaka vikawa vyeupe.

Tumewaweka chumbani kwake, upande aliokuwa akilala mumewe, kwa sababu ndiko kwenye soketi nzuri. Nimemwachia kopo na kijiko.

Februari 10

Wamepuliza. Nilikaa kwa Inshirah mchana, nikarudi jioni. Nyumba inawasha koo. Mende wa jikoni, wale wa kawaida, wamelala chali mlangoni, kwenye beseni, ndani ya kiatu cha Rauf. Niliwafagia.

Yunan anasema wetu wasirudi kabla ya siku kumi.

Februari 12

Alhamisi. Inshirah alinipigia kuuliza kijiko usawa ni usawa gani.

Februari 15

Ramadhani ni siku tatu au nne kutoka leo. Upepo wa Jua Dogo umewahi.

Simu ililia baada ya adhuhuri. "Kuna vitu vyeupe," alisema. "Vinatembea. Njoo."

Nilikwenda kwa miguu, sikungoja tramu. Nilimkuta amekaa kitandani, miguu ameikunja juu, kitambaa amekizungusha vifundoni ili pasiingie kitu. Taa ilikuwa inawaka. Chini ya kipande cha trei ya mayai yule jike alikuwa amesimama juu kidogo, kama kuku, na chini yake na pembeni yake watoto, weupe kama punje za mchele, wengine wameanza kuwa na rangi ya chai. Nilijaribu kuwahesabu. Nilifika ishirini na saba wakachanganyika.

"Nimewapa unga," alisema Inshirah. "Ncha ya kijiko tu. Nilinyoosha mkono nikiwa nimeangalia kule. Umemwagika kidogo."

"Umefanya vizuri."

"Wataishi?"

"Sijui. Baadhi."

Upepo ulitikisa dirisha. Niliketi ukingoni mwa kitanda. Tuliwatazama, yeye kwa jicho moja.

"Wanangu hawakunikataza," alisema.

Sikugeuka.

"Hawakujua hata. Sikuwaambia. Nilikwenda hospitali asubuhi moja peke yangu, nikafika kwenye ule mlango wa maabara, nikaona sindano, nikaona mwanamke mmoja wanamsukuma kwenye kitanda cha magurudumu. Nikarudi. Nilikwenda tena Jumamosi, nikarudi. Niliogopa, Bahiga. Ni hilo tu. Niliogopa kukatwa."

Ningeweza kusema mengi. Kwa miaka miwili nilikuwa nayo tayari, yamepangwa. Nilitazama vidole vyake vya miguu ndani ya kile kitambaa. Sikumwambia nimemsamehe, kwa sababu sijui kama nimemsamehe, na yeye si mtu wa kudanganywa. Nilimwambia Rauf alikuwa akiogopa sindano pia, mpaka mwisho, kila mara.

"Najua," alisema. "Aliniambia."

Hilo sikulijua mimi.

Nilimwambia watoto hawa wasihamishwe sasa, na nyumba yangu bado ina dawa, wabaki hapa mpaka Idi kama hatajali. Alisema atajali sana. Kisha akauliza kama wanauma.

"Hawaumi."

"Wale wadogo?"

"Hata wale wadogo."

"Basi nionyeshe," alisema, na akanyoosha mkono wazi juu ya shuka, macho ameyafumba, uso ameugeuzia ukutani kama mtu anayetolewa damu. Nilimchukua mmoja kwa ncha ya karatasi, mweupe bado, nikamweka katikati ya kiganja chake.

Hakuutoa mkono.